Nilimupa Zero Mama Mwenye Alijibu Vizuri

Mama Katungu wa redio yetu, jambo sana.

Ninakuandikia nikiwa nimejifungia ndani ya bureau, ofisi yangu ya kazini, nimesukuma kiti nyuma ya mulango, kwa sababu sitaki wanafunzi wangu waingie wanikute nacheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu dakika mbili nyuma yake machozi yananitoka. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, asubuhi tunakusikilizaka nyumbani, muke yangu Dorine anakufungua hata mbele ya kuwasha moto wa chai, na ukimufokea mutu yeye anapiga makofi, na mimi sikuwaza hata siku moja kwamba nitaingia katika hesabu ya wale watu wenye unawafokeaka. Basi leo nimefika. Majina yote nimeweka ya uongo, langu pia, niite Cubaka.

Mimi ni assistant katika institut moja ya kilimo hapa Goma. Assistant, maana yake ni hivi: professeur ndiye mwenye kozi, lakini mwenye kusimama mbele ya wanafunzi, kutunga maswali, kusahihisha na kutukanwa ni mimi. Kozi yangu ni ya kuhifadhi mavuno, yaani ukisha kuvuna mahindi, maharagi, viazi vyetu hivi tunaviitaka birayi, unavilinda namna gani visioze. Na hapa niungame jambo la kwanza, Mama: mimi nilizaliwa Bukavu, mutoto wa karani, nikakulia katika nyumba ya sementi, na jembe nililishika mara ya kwanza siku ya kupokea diplome, kwa kupigwa picha. Yote ninayojua juu ya mavuno yametoka ndani ya syllabus, kile kitabu cha fotokopi chenye professeur aliandika na kila mwanafunzi anakikariri.

Syllabus yetu, Mama, iko na historia kubwa kuliko ya watu wengi. Aliiandika Muzee Adalbert, professeur wangu, kwa mashine ya kupiga chapa, kabla hata ya wale wakimbizi wa Rwanda wa mwaka wa tisini na ine, na volkeno ilipotelemuka katika muji mwaka wa elfu mbili na mbili, Muzee alitoka ndani ya nyumba na beseni kichwani, na ndani ya beseni hamukuwa nguo wala sahani, mulikuwa syllabus peke yake, hata suti yake ya ndoa aliiachia moto. Pale institut hadithi hii tunaisimuliaka kila mwanzo wa mwaka na watu wanasimama. Tangu siku ile tunafanya fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Kuna doa la chai katika ukurasa wa kumi na ine, nyeusi hivi, na mwaka uliopita wanafunzi wawili walinichorea lile doa katika examen, ule mutihani wa mwisho, wakaandika chini yake kwamba ni kidudu cha mahindi, na mimi, Mama, niliwapa points, kwa sababu ilifanana kabisa na ya ndani ya syllabus.

Sasa nikuelezee juu ya Mama Mukamazimpaka. Huyu ni mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, ana miaka makumi ine na moja, mutu wa Kalengera, kule kwenye barabara ya Rutshuru. Masomo alikuwa ameyaanza kule kwao, vita ikamutoa, akafika na watoto watatu na mufuko moja, akapanga kwa dada yake pale Murara, mutaa wa hapa Goma, nyumba moja watu kumi na moja, na sisi tukamupokea amalizie kwetu. Syllabus hakuwa nayo. Alikuwa anaazima ya jirani yake wa benchi, anaandika kwa mukono juu ya magoti mbele ya somo kuanza, ukurasa moja, ukurasa mbili, na siku ya examen ilimukuta bado hajafika hata ukurasa wa makumi tano. Mimi nilikuwa nikimuona kila siku akiandika hivyo, na sikumuuliza kitu, niliona tu ni mama mwenye bidii, nikapita.

Katika examen niliuliza namna ya kuhifadhi birayi baada ya kuvuna, points munane juu ya makumi mbili. Jibu liko ukurasa wa sitini na mbili, liko wazi, nakutafsiria kutoka kifaransa: vitandazwe mahali pa mwangaza kwa wiki mbili mupaka vigeuke kijani, kisha vipangwe katika sanduku. Wanafunzi makumi munane na watatu waliandika hivyo hivyo, wengine hata na koma pahali pake, nikawapa munane juu ya munane. Mama Mukamazimpaka akaandika vya kwake. Nikamupa zero, nikaandika na kalamu nyekundu «nje ya somo», jumla akapata saba, na chini ya kumi ni kuanguka. Na si hapo tu. Siku ya kurudisha karatasi nilisoma jibu lake kwa sauti mbele ya auditoire nzima, ile sale kubwa ya masomo, ili wengine wajifunze, ndivyo nilivyojidanganya, na yeye akasimama akasema kwa heshima: «Assistant, hivi nimeandika ndivyo tunafanyaka kwetu.» Nikamujibu: «Mama, hapa ni masomo ya juu, hapa si jikoni.» Wakacheka, Mama Katungu. Walicheka sana, na mimi nilifurahi kwamba wanacheka. Yeye akakunja karatasi yake mara mbili, akairudisha juu ya meza yangu, akasema: «Sawa, Assistant. Lakini mimi watoto wangu siwezi kuwapa birayi ya namna hiyo.» Akatoka, na tangu siku ile sijamuona tena.

Sasa sikiliza Mungu alivyo na mizaha. Wiki ile ile mama mukwe yangu akafika na bateau, meli ya ziwa, kutoka Bukavu, kuona mujukuu wake mupya, Benny wetu, na kwetu mama wa muke yako unamuheshimu hata kivuli chake. Birayi imekuwa ngumu kupata tangu barabara ya Rutshuru ifungwe, lakini mimi nilijikaza nikapata mufuko muzima, na kwa kuonyesha kwamba muzaa muke yangu hakumutupa musichana wake kwa mujinga, nikavihifadhi kisayansi. Nilivitandaza juu ya bâche, ile turubai, mbele ya nyumba, kwenye jua, siku kumi na ine. Dorine akaniambia, «Baba Benny, hivi vitu vinakuwa vya kijani.» Nikamujibu, «Ndiyo dalili kwamba vinakauka vizuri.» Mama mukwe akaonja, akasema vinachoma ulimi, lakini kwa adabu akamaliza sahani, na mimi nikamuongezea.

Eh Mama! Sitaki kuelezea yote redioni, watu wengine wako wanakunywa chai. Niseme tu kwamba nyumba nzima tulipiga foleni kwenye choo kimoja, isipokuwa Benny mwenye bado ananyonya, na mimi, mukwe, mutu wa masomo ya juu, nilisimama nje ya mulango wa choo na ndoo ya maji mukononi nikiuliza, «Mama, unaendelea je?» na sauti kutoka ndani ikanijibu, «Nenda mbali na mimi.» Kwa muganga, infirmier, yule muuguzi, aliangalia moja ya vile viazi, akauliza: «Nani aliwaambia muanike birayi juani?» Nikamujibu: «Ukurasa wa sitini na mbili.» Akanishika paji la uso, akaandika kwamba nina homa.

Niliporudi nikachukua karatasi ya Mama Mukamazimpaka nikaisoma, na nasema nikaisoma kwa sababu mara ya kwanza sikuisoma, nilikuwa natafuta tu maneno ya syllabus ndani yake. Aliandika hivi: birayi ya kula tunaiweka pahali pa giza na baridi, penye hewa inapita, tunaifunika na majani makavu, kwa sababu ikipata jua inakuwa kijani, inachoma kinywa na inaumiza tumbo. Halafu akaongeza: isipokuwa ya mbegu; ile tunaiacha kwenye mwangaza chini ya paa, ikuwe kijani na itoe macho ya kuchipuka, kwa sababu hakuna mutu ataila. Mama Katungu, nilipofika pale kwenye mbegu, nikarudia ule mustari mara mbili. Nikafungua syllabus. Ukurasa wa sitini. Nikafunua. Ukurasa wa sitini na mbili. Sitini na moja hauko! Uliungua ao ulianguka njiani siku ya volkeno, na ndio uliokuwa unasema kwamba sasa tunaingia katika habari ya mbegu. Miaka sita ninafundisha kile kitabu, na mbele yangu wamepita wengine, na hakuna hata moja kati yetu aliyehesabu sitini, sitini na moja.

Sasa shida yangu ni hii. Délibération, kile kikao cha walimu cha kusema nani amepita na nani ameanguka, iko siku ya kwanza, yaani Jumatatu. Mama Mukamazimpaka akianguka atapaswa kurudia mwaka, na parokia yenye kumusaidia haichukui mutu wa kurudia, kwa hiyo masomo yake yanakufa pale pale. Nikisema ukweli, wale makumi munane na watatu watakuwa wamejibu uongo, na Muzee Adalbert, mwenye kuiita ile syllabus mutoto wake wa kwanza, mwenye pia ni yeye anaongoza thèse yangu ya doctorat na bila mukono wake siendi popote, ataaibika kwa uzee wake. Lakini nimepata njia. Tuko na desturi katika délibération: mutu akikosa points kidogo, walimu wanamuokoa, tunasema wanamuvua kama samaki. Naweza kusimama niseme, huyu ni mukimbizi, ni mama wa watoto, tumuongezee points tatu za huruma, afike kumi. Wote watakubali, hakuna atakayeuliza, yeye atapita, Muzee atabaki na heshima yake, na syllabus nitaitengeneza polepole mwaka ujao. Si ni vizuri? Mbona basi kila nikiwaza hivyo tumbo linaniuma, na safari hii sikula kitu? Nisaidie, Mama, hata ukinifokea.

Mimi mutoto wako,
Cubaka

*

Cubaka, jambo.

Nianze na mazuri, kwa sababu nyuma yake hayatakuwa mengi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka mupaka fundi wetu wa mikro akafunga sauti, akaweka muziki, watu wakafikiri kuna kilio. Mama mukwe yako umupe pole yangu, na kama bado anakataa kukutazama usimulaumu, mwache kwanza ale chakula cha mukono wa musichana wake. Na kuandika kwako ni jambo la kiume. Muficha uchi hazai, nawe umevua hata shati. Wengi wenye diplome kama yako wangekula zile birayi, wakaugua, na wakasema ni maji ya Goma.

Sasa kaa chini.

Mimi nilifanya biashara ya birayi na maharagi kutoka Butembo mupaka hapa kwa miaka kumi na saba, mbele ya kupewa kiti hiki cha redio. Darasa la sita la primary ndilo nilimaliza. Kama ningeingia katika examen yako ningepata zero, kando ya Mama Mukamazimpaka, na wewe ungetusoma sote wawili kwa sauti. Ulipoandika «hapa si jikoni» nilicheka kwanza, halafu nikakasirika, na bado nimekasirika. Jikoni, mutoto yangu, ndiko kozi yako ilikotoka! Kabla ya Muzee Adalbert kupata mashine ya kuandikia, mama fulani alikuwa anafunika birayi na majani makavu kule Kalengera, na watu walikula, wakazaa, wakakaa. Professeur alikwenda kwao, akauliza, akaandika. Wewe umechukua maandiko yake ukawapigia wenyewe kichwani.

Na zile points tatu za huruma, Cubaka, akaa! Hapo ndipo nilitaka kutoka ndani ya redio nikushike sikio. Huruma? Mutu amekupa jibu la haki, umemunyanganya points munane, umewachekesha watu juu yake, halafu unataka kusimama mbele ya wakubwa useme: masikini huyu, mukimbizi, tumuongezee tatu! Atapita na kumi, kwa karatasi yenye itasema maisha yake yote kwamba alivuliwa kama samaki. Yeye hakuja kwenu kuomba chakula. Alijibu swali. Hesabu na mimi, kwa kuwa kuhesabu inakushinda kidogo: saba na munane ni kumi na tano. Yeye ni mutu wa kumi na tano juu ya makumi mbili, na huenda ndiye wa kwanza katika promotion yako nzima, wanafunzi wote wa mwaka huu. Mutu mwenye haki yake usimupe sadaka. Ndiyo sababu tumbo linakuuma, hauna haja ya infirmier.

Unasema unamulinda Muzee. Uongo mutupu, na unajua. Unalinda thèse yako. Lakini nikuulize: muzee mwenye alitoka mbele ya moto na beseni kichwani, akaacha suti yake ya ndoa iungue, unafikiri alikuwa anaokoa karatasi? Karatasi ni ya nini? Alikuwa anaokoa kile wanafunzi watajua. Leo wanafunzi wanajua uongo kwa jina lake, na wewe unaona ni heshima kumuficha. Mimi ningekuwa Muzee Adalbert, siku ningegundua kwamba assistant yangu alijua na akanyamaza, hapo ndipo ningekukatalia mukono wangu. Kwa hiyo leo hii, usingoje kesho, kwa sababu barua yako imesomwa kwa muji muzima na majina yako ya uongo hayafichi kitu. Mufano wa birayi na beseni, nani hatajua? Vaa vizuri, uende kwake mbele ya chakula cha muchana. Usipeleke barua ya kurasa kumi. Peleka ukurasa wa sitini, peleka wa sitini na mbili, na peleka karatasi ya yule mama. Uviweke mbele yake juu ya meza, umuambie: «Muzee, hapa katikati kuna ukurasa ulipotea siku ya volkeno, na nimepata mutu mwenye anaujua.» Atakasirika dakika tano, labda kumi. Muache akasirike. Halafu atavaa miwani, na utaona.

Wale makumi munane na watatu, points zao usiziguse. Walikuambia kile ulichowaambia, kosa ni la mwalimu, na mwalimu ndiye alibebe. Lakini usiwaache waende hivyo! Wewe unafanya muzaha na mama mukwe, sawa, na mimi nimecheka, lakini hawa wanamaliza mwaka huu, watapelekwa Masisi, watapelekwa Lubero, watapelekwa katika kambi za wakimbizi, watasimama mbele ya wamama wenye njaa waseme, «Anikeni birayi juani, mimi ni ingénieur.» Na kuna mutu atawaamini, kwa sababu ya ile diplome. Siku ya pili asubuhi, yaani Jumanne, délibération ikiisha kupita, waite wote. Waje na kalamu. Uwaambie ukweli kuanzia mwanzo mupaka choo.

Na hapo hapo, katika auditoire ile ile, umuombe Mama Mukamazimpaka musamaha. Ulimuaibisha mbele ya watu, musamaha wa kando ya mulango hautoshi. Angalia tu usije ukamugeuza kitu cha kuonyesha, eti mama njoo utufundishe, watu wapige picha. Umuulize kwanza kama anataka kuja. Akisema hapana, ni hapana, na utaomba musamaha kiti chake kikiwa wazi, wote wajue ni cha nani.

Sasa juu ya kazi yako yenyewe. Nilimuuliza Sœur Élodie, mutawa mwenye alifundisha miaka mingi na anakujaka hapa redio kwa kipindi cha watoto, na yeye alicheka juu ya lile doa la chai mupaka akatafuta kitambaa. Halafu akasema neno nililolipenda: ukiuliza swali lenye jibu lake linaweza kuandikwa na mutu mwenye hakuelewa, basi haujauliza kitu. Wanafunzi wako walikuchorea doa! Nani mujinga hapo, wao ao mwenye kuwapa points? Mwaka ujao waruhusu waingie na syllabus katika examen, wazi juu ya meza, na uwaulize mambo yenye hayako ndani. Waambie: kuna mama ana mifuko tatu ya birayi, nyumba yake ni ya mabati, mvua inaanza, moja ya mifuko ni mbegu, afanye nini? Waache wajikune kichwa. Leta birayi yenyewe ndani ya darasa, waishike, wainuse. Na usingoje mwisho wa mwaka kujua nani amepotea. Wiki ya pili tu uwape swali dogo lisilo na points, usome majibu nyumbani. Nimesema usome, Cubaka. Kutafuta maneno yako mwenyewe ndani ya karatasi ya mutu si kusoma.

Na hili lingine linaniuma kidogo, kwa sababu uliliandika haraka ukapita. Ulimuona yule mama akiandika juu ya magoti kila asubuhi, na haukuuliza. Miezi mingapi? Neno moja tu, «Mama, syllabus yako iko wapi?», na haya yote yasingefika. Kuuliza si ujinga, na kwa mwalimu ni kazi. Kuna wangapi kama yeye katika auditoire yako, wenye walitoka kwao na mufuko moja na daftari zikabaki kwenye nyumba iliyofungwa? Hauwezi kusimamisha vita, hakuna mutu anakuomba hivyo. Lakini unaweza kuacha syllabus mbili tatu katika bureau yako, mutu aje asome bila kuazima kwa haya. Unaweza kumuomba mulinzi afungue auditoire saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu katika nyumba ya watu kumi na moja hakuna meza, na kama iko, kuna mutoto analala juu yake. Ni funguo tu. Na hakikisha kurasa ziko zote.

Basi nimemaliza kufoka, sasa simama. Kabla ya kwenda kwa Muzee, mbele ya kitu kingine chochote, unapita Murara. Ndiyo, leo. Nimeona jinsi ulivyopanga barua yako: Muzee ana mistari mingi, délibération ina mistari mingi, na yule mama ulimutaja ili unielezee shida yako wewe. Yeye amekaa nyumbani akifikiri masomo yake yameisha. Kila saa unayoandikia redio, yeye anaikaa hivyo. Ninaogopa kwamba tayari ameanza kuwaambia watoto wake.

Uende kwa miguu, itakusaidia kupunguza maneno. Usibebe zawadi, na birayi usibebe hata moja. Ukifika usimuambie «pole kwa yaliyotokea», haikutokea yenyewe. Usimuelezee habari ya volkeno wala ya ukurasa kupotea, hizo ni sababu zako wewe, zitangoja. Umuambie tu: «Mama, ulijibu vizuri. Mimi ndiye sikujua.» Kisha funga kinywa. Akikufokea, pokea. Akikucheka, cheka naye, uko na mambo ya kuchekwa. Akikufungia mulango usoni, usigonge mara ya pili; rudi polepole, na siku ya kwanza asubuhi uingie katika délibération uandike zile munane mbele ya jina lake hata hivyo. Ni zake.

Mama Katungu